Kadi Yenye Ukingo Mweusi

Sura ya Saba

"Niieleze tena, au safari hii niichore?" Bertine Lahaut aliuliza.

Inspekta Odon Wathelet hakugeuka. Alikuwa amesimama dirishani pa kituo, anatazama uwanjani, ambako bendi ya mji ilikuwa ikifanya mazoezi ya wimbo wa maombolezo. Kila walipofika mahali pale pale, tarumbeta moja ilikwenda kombo, wakarudi mwanzo. Walianza tangu saa mbili asubuhi, na sasa saa tatu ilikuwa imepita.

Kesho kutwa, Jumapili, mji mzima wa Marchempré, Ubelgiji, ungekusanyika mbele ya zahanati kuzindua jiwe la kumbukumbu la Nesi Clémence Rasquin, aliyepigwa risasi na Wajerumani mwezi wa Machi mwaka 1916 kwa kuwavusha vijana mpakani waingie Uholanzi. Miaka minne kamili. Jiwe lilikuwa tayari. Maua yalikuwa tayari. Kilichobaki, kwa maneno ya kamati ya jiwe, ni kumjua aliyemuuza kwa Wajerumani.

Na mji ulishamjua. Ndiye huyu aliyeketi kitini, dobi wa zahanati, umri miaka thelathini na minne, vidole vimekunjamana kwa sabuni kama tini zilizokaushwa.

"Eleza," Odon alisema. "Kuanzia zahanati."

"Bwana Inspekta, hii ni mara ya sita."

"Kwangu ni ya kwanza. Faili nimelipokea Jumatatu."

"Na wakati wa vita ulikuwa wapi?"

"Mstari wa mbele, Yser. Kwenye matope. Miaka yote minne."

"Aa." Bertine alimpima kwa macho. "Basi wewe angalau hujawahi kunitemea mate."

Alieleza kwa pumzi moja, kama mtu anayesoma orodha ya nguo. Jumanne, tarehe ishirini na mbili Februari. Wajerumani waliingia wodini wakamchukua nesi vilevile alivyokuwa, na viatu vya mbao, hana soksi, hana miwani.

"Bila miwani alikuwa haoni hata kijiko mkononi mwake. Nikafunga soksi mbili na miwani kwenye taulo, nikakimbia hadi kamandi yao, ofisi ya kamanda. Mlangoni askari wamejipanga, wanapigwa picha ya ukumbusho, wanacheka. Nikapita katikati yao. Nikampa yule wa mezani. Nikatoka. Mwisho wa hadithi."

"Saa ngapi?"

"Dobi ana saa? Nilikuwa na beseni."

Odon alifungua faili mezani bila kuketi. Karatasi mbili ndizo zilizokuwa na uzito. Ya kwanza ni ukurasa wa kitabu cha gereza, kitabu ambacho Wajerumani walikiacha walipokimbia: Rasquin, Clémence, amekamatwa saa kumi na nusu jioni. Ya pili ni maelezo ya Madam Philomène Struvay, mjane wa notari, yule mwanasheria wa hati, mwenyekiti wa kamati ya jiwe, ambaye nyumba yake ilitazamana na ile kamandi. Aliapa kwamba siku hiyo alimwona Bertine Lahaut akitoka mlangoni kwa Wajerumani, mikono mitupu, saa kumi na dakika kumi.

"Dakika ishirini kabla nesi hajakamatwa," Odon alisema. "Sasa niambie, mama. Nani anampelekea soksi mfungwa ambaye bado hajafungwa?"

"Mimi nilimpelekea baadaye."

"Madam Struvay anasema kabla."

"Basi saa yake ina ugomvi na mimi."

"Hati ya kukukamata iko kwenye droo hii. Mwendesha mashtaka anataka iende na treni ya jioni, ikiwa na sahihi yangu."

Hapo ndipo Bertine alipopunguza sauti. "Zélie ana miaka sita. Baba yake walimpeleka Ujerumani kufanya kazi, hakurudi. Mimi nikiingia ndani, mtoto anakwenda kwa masista, na masista wanafundisha katekisimu. Watamwambia mama yake ni Yuda." Alisimama, akajifunga kitambaa kichwani. "Bado nimekamatwa, au naweza kwenda kufua? Shuka hazijifui."

"Nenda. Usitoke mjini."

"Nitoke niende wapi?"

Alipofika mlangoni Odon alimwita. "Hao askari. Nani aliyekuwa anawapiga picha?"

"Mji una wapiga picha wangapi?" Bertine alisema, akateremka ngazi.

*

Kwenye duka la Séverin Pirotte nesi alikuwa ananing'inia kila mahali. Kamba tano zilivuka chumba kutoka ukuta hadi ukuta, na kwenye kila kamba kadi za posta zilibanwa kwa vibanio vya nguo: uso ule ule, kitambaa kile kile cheupe kichwani, miwani ya duara, ukingo mweusi pande zote nne. Chini yake: *Marchempré inakukumbuka.*

"Odon, ndugu yangu!" Pirotte alifungua mikono. Walisoma pamoja shule ya msingi, na tangu wakati ule Pirotte hakuwahi kusema uongo bila masikio kuwa mekundu. Utepe wa rangi za bendera ulikuwa umebandikwa kifuani pake. "Umekuja kuchukua zako? Kituo mmeagiza mia moja."

"Nimekuja kwa picha ya zamani. Askari wa Kijerumani, mlangoni pa kamandi, Februari ya mwaka kumi na sita."

Masikio ya Pirotte yaliwaka.

"Mimi? Niwapige picha wale? Mkono ungenikauka! Wakati wa vita nilifunga duka, muulize mke wangu."

"Nitamuuliza."

"Hayupo."

Odon alichukua kadi moja kutoka kwenye kamba, akaigeuza. Upande wa anwani, pale juu panapoachwa peupe kwenye kadi nyingine zote, palichapwa shada la maua jeusi, nene, refu, lisilo na sababu. Mbele kadi ilikuwa na heshima zake. Nyuma ilikuwa kama mtu amemwaga wino kisha akaupa majani.

"Shada zuri," alisema.

"Kamati ilipenda."

Odon aliipeleka dirishani, akaibandika kwenye kioo ili mwanga upite. Nyuma ya maua, herufi zilijitokeza moja moja, kama samaki wanaopanda juu ya maji machafu. Neno la Kijerumani. Kila askari aliyewahi kupekua mifuko ya mateka kule Yser alilijua: *Feldpost*. Kadi za barua za jeshi lao.

Aliichukua ya pili. *Feldpost.* Ya tatu.

"Séverin."

"Karatasi ilikuwa hakuna!" Pirotte alipiga kelele kabla hajaulizwa. "Waliniachia makasha manne walipokimbia. Karatasi ni karatasi, Odon. Haina dini, haina bendera!"

"Wajerumani walimpiga nesi risasi. Nawe unamchapa kwenye kadi za Wajerumani."

"Nimezifunika!"

"Madam Struvay anajua?"

Mpiga picha aliketi juu ya kasha. Jasho lilimtoka, na chumba kilikuwa cha baridi. "Atanitundika kwenye mnara," alisema. "Mke wangu ataniacha. Odon, nina watoto wanne. Walikuja na bunduki, wakasema piga. Ningefanyaje? Kila Jumanne na Ijumaa walitaka ukumbusho wa kupeleka kwa mama zao."

"Jumanne," Odon alisema. "Mabamba ya picha yako wapi?"

"Niliyavunja yote."

Odon aliyatazama masikio. "Séverin."

"Chini ya viazi," Pirotte alisema.

Mabamba ya vioo yalikuwa ghalani chini ya ardhi, yamefungwa kwa magazeti, viazi juu yake. Waliyatoa moja moja, wamepiga magoti. Kila kikundi cha askari kilishika kibao cha shule chenye tarehe iliyoandikwa kwa chaki, na hilo lilirahisisha kazi. Bamba la thelathini na moja: 22.2.16.

Pirotte alilichapa palepale katika chumba chake cha giza. Odon alizunguka dukani, mlango hadi dirisha, dirisha hadi mlango, huku nesi mia moja wakimtazama. Picha ilipotoka, ilikuwa bado inachuruzika maji. Aliilaza mezani, akaomba kioo cha kukuzia.

Askari kumi na watatu. Mbwa mmoja amevikwa kofia. Nyuma yao, kwenye kizingiti cha kamandi, mwanamke ameshika taulo lililofungwa mafundo, amelibana kifuani, anaingia. Uso ameugeuza kwenye kamera. Mdomo uko wazi, huenda anawatukana. Ni Bertine.

Na juu ya paa, mnara wa halmashauri. Saa yake ilionekana wazi: saa kumi na moja na dakika tano.

"Saa ya mnara ilikuwa inafanya kazi?"

"Wale? Waliitunza kuliko mama zao. Siku moja ilisimama robo saa, fundi akalala ndani wiki."

Odon alihesabu kwa vidole. Nesi amekamatwa kumi na nusu. Bertine anaingia kamandi na taulo saa kumi na moja na dakika tano. Soksi zimefuata mfungwa, kama alivyosema. Lakini mwanamke anayeingia saa kumi na moja hawezi kuonekana akitoka saa kumi. Bertine amesema kweli, picha imesema kweli. Basi aliyesema uongo ni mmoja tu.

Mtu husema uongo wa saa nzima kwa sababu gani? Alikumbuka orodha ya Wajerumani waliopangishwa majumbani, iliyo kwenye faili. Kwa Madam Struvay, chumba cha juu: kapteni mmoja, miezi thelathini.

Alitia picha kwenye koti, na kadi moja ya nesi.

"Na kadi zangu?" Pirotte aliuliza kwa sauti ya kuomba. "Utamwambia?"

"Nimekuja kutafuta msaliti. Sijaja kutafuta karatasi."

*

Madam Struvay alimpokea kwa kahawa ya mizizi ya chikori na orodha ya watakaotembea Jumapili nyuma ya shada la maua. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, amevaa nyeusi tangu mwaka 1909. Nyuma yake saa ndefu ya mbao ilikuwa inatembea pole pole, tik, tok, kama mtu wa tatu chumbani.

"Amekiri?"

"Bado, madam."

"Lisemwalo lipo, Bwana Inspekta. Na kama halipo, laja. Keti, unanichosha kwa kusimama."

Odon hakuketi. "Nani alilala chumba chako cha juu wakati wa vita?"

Kikombe kilishuka mezani kwa mlio. "Kapteni wa Kijerumani. Walimleta, hawakuniuliza. Miezi thelathini alikula kwenye meza hii, na miezi thelathini sikumsemesha neno moja. Mbwa wangu ndiye aliyemsemesha, naye sikumsamehe mpaka alipokufa. Unataka kusema nini?"

"Nataka kujua kwa nini ulisema saa kumi na dakika kumi."

"Kwa sababu ilikuwa saa kumi na dakika kumi."

"Ulijuaje?"

"Ile pale!" Alielekeza kidole kwenye saa ndefu bila kugeuka. "Nilikuwa dirishani. Yule mwanamke akatoka, mikono mitupu, anafuta macho au pua sijui. Nikatazama saa. Na saa hiyo, Bwana Inspekta, haikuwahi kudanganya hata siku moja, vita nzima. Mimi mwenyewe niliilinda."

"Kuilinda na nini?"

"Na yeye! Kila asubuhi kapteni alikuwa akiteremka, anafungua kioo, anaisogeza mbele. Akitoka tu, naifungua, nairudisha. Kila asubuhi. Kuna siku alinikuta mkono uko ndani. Nikatozwa faini, nikalipa, nikairudisha tena." Mashavu yake yalipata rangi, alikuwa ameisimulia hii mara nyingi, na kila mara ilimfanya kijana. "Mji mzima uliinama. Kanisa liliinama! Nyumba hii peke yake ilikaa kwenye saa ya Ubelgiji."

Odon aliacha kutembea.

"Anaisogeza mbele kiasi gani, madam?"

"Saa moja. Saa ya Berlini. Si walitubandika saa yao tangu mwanzo?" Alimtazama kama mtoto mzito wa darasani. "Kila mtu anajua."

"Mimi nilikuwa Yser."

Alitoa picha kwenye koti, akaiweka juu ya orodha ya shada. Karatasi ilikuwa imeanza kujikunja. Alitoa ukurasa wa kitabu cha gereza, akauweka kando yake. Kisha akampa kioo cha kukuzia.

"Huyu ni nani mlangoni?"

"Yeye." Madam aliinama. "Ana furushi."

"Anaingia au anatoka?"

"Anaingia."

"Mnara unasema saa ngapi?"

"Kumi na moja na dakika tano."

"Mnara ulikuwa kwenye saa ya nani?"

"Ya kwao. Nimeshakwambia, mji wote—"

Kioo cha kukuzia kilisimama juu ya saa ya mnara.

Odon alisubiri. Katika kazi yake alijifunza kwamba mtu akishafika ukingoni, ukimsukuma atarudi nyuma. Mwache aone mwenyewe.

"Hii saa yako," alisema hatimaye, polepole, "iliposema kumi na dakika kumi, mnara ulisema ngapi?"

"Kumi na moja na dakika kumi," Madam Struvay alisema.

"Dakika tano baada ya picha. Ameingia na furushi, ametoka mikono mitupu. Na kitabu cha gereza kiliandikwa na nani?"

"Na wao."

"Kwa saa ya nani?"

Mjane alikuwa anaitazama saa ndefu, mara ya kwanza tangu Odon aingie.

"Wamemkamata nesi kumi na nusu kwa saa yao," Odon alisema. "Kwa saa yako ilikuwa tisa na nusu. Wewe ulimwona dobi dakika arobaini baadaye."

"Hakuna aliyeniuliza." Mjane alishika ukingo wa meza. "Karani aliandika saa kumi na dakika kumi, nikasoma, nikatia sahihi. Hakuna aliyeniuliza ni saa kumi ya nani."

"Hawakukuuliza kwa sababu wote mnajua. Kitu kikijulikana na kila mtu, hakuna anayekitaja."

"Sikusema uongo."

"La. Ulisema kweli ya nyumba hii."

Odon alivuta karatasi safi, akaandika akiwa amesimama, mistari sita tu, akaisoma kwa sauti. *Mimi Philomène Struvay naeleza kwamba saa ya nyumbani kwangu, kwa hiari yangu, ilikuwa nyuma ya saa ya mji kwa saa moja kamili.* Alimpa kalamu. Madam aliishika bila kuandika.

"Lakini kwa nini hakusema?" alifoka ghafla. "Kama alikwenda baadaye, kwa nini mwanamke yule hakusema?"

"Alisema, madam. Iko kwenye faili, ukurasa wa kwanza. Soksi, miwani, taulo. Amesema mara tano. Leo asubuhi ya sita."

Mjane alitia sahihi. Alibonyeza sana, kalamu ikatoboa karatasi penye herufi ya mwisho.

"Hii itakwenda wapi?"

"Kwa mwendesha mashtaka, na treni ya jioni. Badala ya hati ya kumkamata."

"Na mji?"

"Mji haukuandika kitu. Mji ulisema tu. Sina karatasi ya kufuta hilo."

Odon alikunja maelezo, akayatia mfukoni, akashika kofia. Kitu kilimkereketa bado. Kama si Bertine, basi aliyemuuza Clémence Rasquin angali anatembea Marchempré, na Jumapili atavaa nyeusi kama wenzake, pengine yumo kwenye orodha ile pale mezani. Angeanza upya. Angeanza na kila saa iliyotajwa ndani ya faili, na kuuliza ya nani.

Alipofika barazani alisikia mlango ukifunguka nyuma yake. Madam Struvay alikuwa amevaa kofia yake, ameipindisha, na hakuwa na habari.

"Yuko wapi wakati huu?" aliuliza.

*

Mahali pa kufulia nguo palikuwa chini ya paa la mabati, kando ya mto, mawe kumi na mawili yamepangwa ukingoni na wanawake wamepiga magoti. Kulikuwa na kelele kama ya soko la kuku, zikafa zote mara moja walipoona kofia ya Madam Struvay. Bertine alikuwa jiwe la mwisho. Jiwe lililopakana na lake lilikuwa tupu, na la pili yake pia, ingawa wanawake wawili walikuwa wamesimama na mabeseni wakingoja nafasi.

Alimwona Odon kwanza. Akasimama, akajifuta mikono kwenye aproni, akainyoosha mbele yake pamoja, tayari kwa pingu.

"Nipe dakika nimwage maji," alisema. "Na mtu amwambie jirani amchukue Zélie shuleni."

"Utamchukua mwenyewe," Odon alisema. "Hati nimeichana."

Bertine alimtazama, halafu akamtazama mjane. Mikono ilibaki hewani kidogo, kama imesahau njia ya kushuka.

Madam Struvay alisogea karibu, viatu vyake vizuri ndani ya povu. Alisema chinichini, "Bi Lahaut, nilikosea. Saa yangu... Nimekuja kukuomba radhi."

"Sikusikii," Bertine alisema.

"Nimesema nimekosea."

"Madam, siku ile uliponiita msaliti ulikuwa sokoni, karibu na muuza jibini, na hata viziwi walisikia. Leo unaniomba radhi kwa sauti ya kanisani." Alielekeza kidevu njia ya sokoni. "Mtoto wangu alikuwepo sokoni. Nimemshika mkono."

Hakuna aliyefua. Maji yalipita chini ya mawe.

Mjane aligeuka, akawakabili wanawake wote kumi na mmoja. Alivuta pumzi. "Bertine Lahaut hakumuuza mtu!" alipaza sauti, ikapiga mabati ya paa, ikarudi. "Alimpelekea Clémence soksi! Mimi ndiye niliyekosa, mimi, Philomène Struvay, kwa ukaidi wangu! Mwenye kuniuliza aje nyumbani aniulize!"

Mwanamke mmoja wa wale waliokuwa wakingoja alikohoa, akatembea na beseni lake hadi jiwe lililokuwa tupu karibu na Bertine, akapiga magoti, akaanza kusugua soksi za mumewe bila kumtazama mtu.

Bertine aliinama, akaivuta shuka kutoka majini. Ilikuwa ya kitanda kikubwa, nzito, inamwaga maji. Shuka kama ile haikamuliwi na mtu mmoja; mwaka mzima alikuwa akiifunga kwenye mti na kuisokota peke yake. Alishika ncha moja. Nyingine alimrushia mjane wa notari, ikampiga gauni jeusi kifuani.

"Shika huku," alisema. "Wewe sokota kulia. Na kaza, madam, usiogope, haing'ati."